Kuhusu Kufutwa kwa Ukubwa wa Samaki Wangu

Duka la Mabati la Akanda,
Soko la Shialmari, Bogura.
20 Falgun.

Kwa Daktari Ferdousi Khandakar,
Mtaalamu wa Samaki.

Mheshimiwa Daktari,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wale wanafunzi wako watatu waliomaliza chai yangu siku ya gulio. Mimi ni mzima wa mwili tu. Heshima yangu inaumwa, na aliyeiumiza ni wewe.

Ili usihangaike kunikumbuka, mimi ni samaki namba saba. Yaani mimi ni mwenye samaki namba saba, ila tangu siku ile watu wa hapa hawatofautishi. Asubuhi hii tu muuza tambuu kanisalimia, "Habari za mapezi, namba saba?" Nami nikaitikia, kwa kuwa nimelelewa vizuri.

Nakukumbusha jambo moja, maana pengine huko mjini mila zimelegea. Jumatano ya mwisho ya mwezi wa Magh, kila aliyeoa binti wa Shialmari hurudi kwa baba mkwe wake na samaki wa gulioni. Katika kila nyumba, mkwe aliyeleta samaki mkubwa kuliko wenzake hukaa mkekani upande wa kulia wa baba mkwe na kupewa kichwa cha samaki kilichopikwa na choroko. Wengine hula minofu na kutabasamu. Aliyekula kichwa ndiye anayesikilizwa mwaka mzima. Akisema bomba la kisima lihamishwe, linahamishwa. Akisema viazi visiuzwe kwanza, haviuzwi. Nyumbani kwa mzee Keramot Pramanik, baba mkwe wangu, nimekula kichwa hicho miaka kumi na moja mfululizo, na mke wangu Morjina huingia kwao kama waziri anayekagua daraja.

Mpinzani wangu ni mmoja tu, mwanyumba wangu Lutfor Mollah, aliyemuoa Shefali, mdogo wake Morjina. Ni mfuga bata, mfupi, mwembamba, mwenye adabu zilizopitiliza, na huniita "kaka mkubwa" kwa sauti ya mtu aliyekuja kuazima ngazi. Mwaka huu nilikuwa nimekwisha kumshinda, kweupe, mbele ya watu. Kisha ukaja wewe na kompyuta yako.

Kamati ya gulio ilikualika kwa nia njema. Kila mkwe huapa kwamba samaki wake ni wa mtoni, na nusu ya samaki hao wamekulia mabwawani wakila pumba. Wewe ulisema samaki wa bwawa hujaa tumbo na wa mto hunyooka mwili, na kwamba utawatambua kwa picha peke yake. Tulikupigia makofi. Bodiul, mpiga picha wetu wa simu, alikuwa amekwisha kutupiga picha sote thelathini na mmoja pale kwenye kibanda changu cha mabati gulioni, kila mtu na samaki wake mikononi. Alasiri ukatundika shuka jeupe kwenye uwanja wa shule, ukamulika picha zetu, na wanafunzi wako wakaweka vitone kumi na vitano kwa kila samaki: ncha ya mdomo, jicho, mwanzo wa pezi, shina la mkia. Mpaka hapo sina ugomvi. Vitone ni vitone.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Ulifuta ukubwa. Ulisema kwa kinywa chako, tena kwa kipaza sauti cha kamati, "Ili tulinganishe maumbo, kwanza tunauondoa ukubwa." Ukabonyeza kitufe kimoja. Samaki wangu, aina ya rui, mwenye magamba mekundu, ambaye pichani alikuwa mkubwa kama ndama, akanywea. Samaki wa Lutfor, ambaye pichani alikuwa sawa na kiatu, akafura. Ukawasogeza wote mahali pamoja, ukawazungusha wakatazama upande mmoja, na mwishowe sote thelathini na mmoja tukawa na samaki wa saizi moja. Hata Hashmot, jirani yangu wa shamba, aliyeleta kisamaki kinachoweza kuogelea kwenye kikombe, alisimama juu ya benchi akipiga kelele, "Namuona wangu! Yule pale! Mashallah, kakua!" Nakuuliza, Daktari, kwa heshima zote: ule ukubwa ulioutoa kwangu uliuweka wapi? Mimi ni muuza mabati. Bati likipunguzwa futi mbili, futi mbili zile huwa ziko mahali fulani, na ukitafuta vizuri utakuta zimeezeka banda la mtu.

2. Ulipuuza kazi ya mikono yangu. Katika picha, Lutfor amemkumbatia samaki kifuani kama mtoto mwenye homa. Mimi nilimshika kwa mikono iliyonyooshwa mbele kabisa, kuelekea kwenye simu ya Bodiul, huku nimerudisha kichwa nyuma ili mwili wangu uonekane mdogo. Nilikaa hivyo dakika nne, kwa sababu Bodiul alipata simu ya shangazi yake katikati. Mpaka leo bega la kushoto halipandi hata kuchana nywele, kama ningekuwa nazo. Wakwe wote hufanya hivyo, na baba zao walifanya hivyo tangu picha zilipoingia Shialmari. Wewe ulilitazama shuka, ukacheka kidogo, ukasema, "Hapa samaki si mkubwa, ila amesogea karibu na kamera." Watu mia tatu walisikia. Kuna mambo ambayo mji mzima unayajua na hakuna anayeyasema, na ndiyo maana tunaishi kwa amani.

3. Ulimkataa shahidi wangu. Nilisimama, nikakuomba utumie bati. Nyuma yangu kwenye picha lilikuwapo bati langu la futi sita, limeandikwa "futi sita" kwa rangi nyekundu, na kila mtu anajua mabati yangu hayapunjwi. Nilisema, pima bati, kisha pima samaki, hesabu ikamilike. Ukajibu kwamba bati liko nyuma na samaki yuko mbele, na kwamba kipimo kisicholala sambamba na kinachopimwa ni sawa na kutokuwa na kipimo. Ulisema ingetakiwa rula ilazwe pembeni ya samaki, juu ya ubao uleule, na kamera itazame kutoka juu. Daktari, nani analaza rula pembeni ya samaki wa mkweni? Tungeonekana tunamshonea suruali.

Baada ya hapo baba mkwe wangu, ambaye hasikii vizuri na kwa hiyo huongea kwa niaba ya uwanja mzima, akaniambia, "Kaa chini, Tofazzal! Bati lako halijui kuogelea!" Nikakaa.

4. Sasa nakuja kwenye lenyewe. Ulipowalaza samaki wetu juu ya wenzao ili kuona nani anafanana na nani, samaki wengine walipishana huku na huku kama inavyotarajiwa kwa viumbe vya Mungu. Namba saba na namba kumi na mbili, yaani wangu na wa Lutfor, vitone vyao viliangukiana vyote kumi na vitano. Uliwatenganisha, ukawalaza tena. Vikaangukiana tena. Hata pezi la mkia lilikuwa limechanika pale pale, kwa wote wawili. Ukavua miwani, ukasema, "Miaka kumi na sita kazini, sijawahi kuona samaki wawili wakifanana hivi. Ni wa mtoni wote, tena ni kama mapacha."

Uwanja ulilipuka. Lutfor aliinama kufunga kamba za viatu, naye alikuwa amevaa ndala.

Baba mkwe akasimama, akapiga fimbo chini, akatoa hukumu bila kumsubiri mtu: "Sayansi imesema! Wakwe zangu wako sawa! Kichwa kikatwe katikati!" Na kikakatwa. Mama mkwe wangu, bibi Jobeda, aliketi mbele ya kisu chake cha kusimama, kile kinachokanyagwa kwa mguu, akakipasua kichwa kuanzia mdomoni, jicho moja huku, jicho moja kule. Nikala nusu kichwa. Nilikaa nusu mkeka. Nilipotaka kutoa maoni kuhusu kuuza viazi, nilisikilizwa mpaka katikati ya sentensi, kisha Lutfor akaulizwa anaonaje. Akasema, "Kama kaka mkubwa alivyosema." Alikuwa hata hajui nilikuwa naelekea kusema nini.

Ili usiseme nakuficha jambo, nakueleza na lile ambalo wambea wanalitia chumvi. Ni kweli kwamba samaki wangu alifika kwa mzee Keramot hana mkia. Tulikuwa tumewakatisha gulioni, kama wanavyofanya wengi ili wasihangaike na gunia, na nusu ya nyuma ya wangu ilichukuliwa na mbwa karibu na msikiti. Alikuwa mbwa mkubwa. Ni kweli pia kwamba samaki wa Lutfor alifika hana kichwa, kwa kuwa nusu ya mbele ilimponyoka kwenye kivuko ikatumbukia majini. Mambo hutokea. Baba mkwe alizitazama nusu zile mbili kwenye sinia, akatikisa kichwa na kusema, "Mwaka mbaya huu kwa samaki."  Mama mkwe alizichukua zote mbili na kuziingiza jikoni.

Lakini nauliza, kama nusu yangu ndiyo iliyokuwa na kichwa, na kichwa ndicho kinacholiwa, basi kichwa kilikuwa cha nani? Naona hata wewe umekaa kimya.

5. Madhara yamesambaa. Ungeiacha sayansi yako palepale uwanjani ningesamehe, ila imeingia sokoni na sasa inatembea yenyewe. Mteja amekuja dukani kwangu akitaka bati la futi nane kwa bei ya futi sita, na nilipokataa akaniambia, "Umbo si lilelile, bwana?" Mwenye baiskeli ya mizigo ananitoza nauli ya magunia mawili kwa gunia moja, anasema ameondoa idadi. Hashmot amesogeza tuta la shamba lake hatua tano ndani ya langu, na alipoulizwa na wazee akachora mashamba yote mawili kwenye vumbi, akaonyesha kwamba yote yana pembe nne. Mshenga wetu amempelekea binti mrefu picha ya bwana harusi mfupi, na pembeni kaandika: ukubwa umeondolewa kitaalamu.

Nyumbani ndiko kubaya zaidi. Morjina ananipikia mikate ya wali midogo kama vifungo vya koti. Nilipolalamika akanijibu, "Duara ni duara, baba. Kula." Nikamwambia kwamba kwa mwendo huu hata tumbo langu daktari yule ataliondoa. Akanitazama kutoka juu mpaka chini, akasema, "Hilo haliondoki. Hilo si ukubwa, hilo ni umbo."

Sasa fikiria mambo haya yakifika mbali zaidi. Mto Jamuna utakuwa sawa na mtaro wa nyuma ya duka langu, kwa kuwa yote miwili imepinda kushoto. Bata atadai kuwa bata mzinga. Diwani wetu, ambaye tayari ana umbo la mkuu wa wilaya, atahamia ofisi ya mkuu wa wilaya. Na mimi, Tofazzal Akanda, kilo tisini na nne, nikipigwa picha na Lutfor Mollah nitaambiwa sote tuna kichwa kimoja, mikono miwili na miguu miwili, tuvae shati moja kwa zamu. Nchi hii imejengwa kwa watu kujua nani mkubwa. Ukiwaondolea hilo, watasalimiana vipi?

6. Maombi yangu. Kwanza, urudi Shialmari na shuka lilelile, ubonyeze kitufe kinyume, na uurudishe ukubwa wa samaki wangu mbele ya watu walewale mia tatu. Wasiopungua.

Pili, usiniambie haiwezekani, kwa sababu wakati unafungasha vyombo ulimwambia katibu wa kamati, nami nikiwa nimesimama nyuma ya nguzo, kwamba picha ikikosa rula bado kuna njia: kila mtu alete mfupa wa taya wa samaki wake, wewe upime mfupa kwa milimita, na kutoka hapo utapata urefu wa samaki mzima na kuipa picha kipimo chake cha kweli. Sawa kabisa! Natangaza kwamba niko tayari. Nimeambatanisha mfupa wa taya wa samaki wangu. Umeoshwa kwa majivu mara tatu na kuanikwa juu ya bati. Samahani kwa harufu.

Tatu, Lutfor Mollah alazimishwe na kamati, kwa maandishi, kuleta mfupa wa taya wa samaki wake pia. Asikubaliwe kisingizio cha kivuko. Azamie. Mifupa ile miwili ilazwe sambamba juu ya ubao mmoja, pembeni ya rula moja, kamera itazame kutoka juu kama unavyopenda mwenyewe, na kila mwenye macho aone tofauti. Hapo ndipo Shialmari itajua nani alileta samaki na nani alileta kiatu.

Nne, nirudishiwe nusu kichwa.

Nasubiri majibu yako nikiwa sina haraka wala sina subira. Nisalimie wanafunzi wako wote watatu, hasa yule mwenye kikohozi, mwambie atumie tangawizi. Nisalimie wazazi wako, majirani zako wa pande zote mbili, na mlinzi wa geti la chuo aliyenielekeza vibaya mwaka juzi. Morjina anakusalimu sana, anasema unasema kweli, nami nimeandika hivyo kwa sababu amesimama hapa.

Mimi wako katika maumivu na heshima, mwenye ukubwa wake wote,

Tofazzal Akanda
(Samaki Na. 7)

Nyongeza baada ya sahihi:

Daktari, nilimwita Lutfor dukani nimsomee barua hii kabla ya kuifunga, ili imuume vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho, na kwenye lile la bata mzinga alicheka akajimwagia chai. Nilipomaliza alijipangusa ile chai, kisha akauliza kwa ile sauti yake ya kuazima ngazi, "Kaka mkubwa, nikitakiwa kupeleka taya, nipeleke ipi?"

Nilifungua mdomo nimtukane. Halafu nikakumbuka.

Samaki ni mmoja. Nimeusimulia uongo huu kwa wiki tatu, kwa hamasa kubwa, mpaka nikauamini na kuukasirikia. Mwezi wa Poush bata wa Lutfor walikufa wote kwa ugonjwa, mia mbili na kitu, katika siku nne. Siku mbili kabla ya gulio Shefali alimwambia dada yake kwamba atasingizia homa na hatakwenda kwao mwaka huu, kwa sababu hawezi kumuona mume wake akiingia uani kwa baba yake mikono mitupu. Morjina alinieleza hayo huku akikunja nguo, bila kuniangalia, na aliendelea kuikunja nguo ileile. Basi mimi na Lutfor tukanunua rui mmoja wa mtoni, yeye akitoa alichokuwa nacho. Nikapigwa picha mimi kwanza, nikimnyoosha. Kisha akapigwa yeye, akimkumbatia. Tukamkata katikati. Mbwa hakuwapo, na kivuko siku ile hata hakikufanya kazi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo yasomwe badala ya yote yaliyo juu. Usirudishe ukubwa. Usipime taya ya mtu yeyote. Samaki wetu wakipewa kipimo cha kweli watatoka sawa hadi milimita ya mwisho, na Shialmari nzima itajua walikuwa wangapi. Kwa sasa watu wanaamini kwamba kompyuta yako huwasawazisha samaki wote hovyo, na napenda sana waendelee kuamini hivyo. Ukiulizwa, sema mapacha. Ulikwisha kulisema vizuri, na nilipokuona unavua miwani nadhani ulikuwa umeshajua.

Mfupa nimeutoa kwenye bahasha. Harufu imebaki, nivumilie. Barua siichani kwa kuwa mwandiko umenikaa vizuri.

Lipo la mwisho. Siku ile tukiwa tunaaga, mama mkwe alinisindikiza mpaka mlangoni na kunitia mkononi kibakuli cha mchuzi uliobaki. Akanong'ona, kwa sauti ambayo mzee Keramot asingeisikia hata kwa kipaza sauti chako: "Kile kichwa na ule mkia vilikutana sufuriani, mwanangu. Vikajuana." Kisha akaniambia mwakani nikae tena upande wa kulia, na Lutfor akae pembeni yangu, kwa kuwa mkeka ni mpana.